Kichupa cha Mafuta na Hirizi: Tofauti Ni Gani?

SOMO LA WIKI
Maandiko: 1 Samweli 4:1–11, Danieli 3:16–18, Luka 13:1–5



Wiki tatu zilizopita nilikuwa dukani hapa Lafey nikinunua sukari na majani ya chai. Mwenye duka ni jirani mwema, na wengi wenu mnajua jinsi anavyotukopesha mpaka mwisho wa mwezi. Nilipotoa pesa mfukoni, kichupa cha mafuta kikaanguka kwenye kaunta. Ni vile vichupa mnavyovijua, nilivyowagawia mwezi wa kwanza. Akakiokota, akakinusa, akauliza, "Pasta, hii ni ya nini?" Nikamwambia ni mafuta ya upako, tumeyaombea, watu wetu wanayabeba wakisafiri.

Akacheka kidogo, bila ubaya. Akasema, "Walaal, nilipokuwa mtoto nyanya yangu alinifunga hirizi hapa mkononi. Ngozi imeshonwa, ndani kuna maandishi. Nikaivaa mpaka nilipoanza madrasa. Maalim akaikata na wembe, akaniambia hiyo ni shirki. Sasa nieleze. Yangu ilikuwa ushirikina, yako ni dini. Tofauti ni gani?"

Nikamjibu haraka haraka kwamba yetu yameombewa kwa jina la Yesu. Akasema, "Na yangu iliandikwa maneno ya Mungu." Nikalipa, nikaondoka. Lakini lile swali halikubaki dukani, lilinifuata mpaka nyumbani, na usiku sikulala vizuri. Nilijua sijamjibu.

Hebu tuseme ukweli, wapendwa. Swali hili lina uzito hapa kuliko mahali pengi. Ukiwa Nakuru au Kitale, kubishana juu ya imani na ushirikina ni mazungumzo ya chai. Hapa tunaishi karibu na mpaka, na barabara ya kwenda Mandera au Elwak inaweza kuwa imetegwa bomu. Ushirika wetu ni walimu, wauguzi, askari na wake zao, mafundi na wachuuzi wachache. Kila anayepanda gari hapa anajua anachokiogopa. Na mtu mwenye hofu hushika chochote kilicho karibu.

Tulipokuwa chuo cha Biblia tulisomeshwa habari za mtafiti mmoja, Bronislaw Malinowski, aliyeishi na wavuvi wa visiwa vya Trobriand, huko Papua New Guinea, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Aliona jambo ambalo sijalisahau. Wavuvi wale walipovua ndani ya ghuba, kwenye maji matulivu, walitegemea ujuzi wao tu. Walipokwenda bahari kuu, penye hatari na samaki wasio na uhakika, ndipo walipofanya mambo mengi ya uganga. Sasa jiangalie wewe. Siku ya kwenda kununua nyanya hapo karibu hujipaki mafuta. Siku ya msafara wa Mandera unapaka kipaji cha uso, mkoba, mpaka mlango wa gari. Sisi tuko bahari kuu, na hofu yetu si dhambi. Ninachouliza ni hofu hiyo inatupeleka wapi.

Nina sababu mbili za kuuliza. Kijana mmoja wa ushirika wetu, askari, aliniambia bila kujificha kwamba jaketi ya kuzuia risasi inamchosha kwa hili joto letu, na kwa kuwa amepakwa mafuta siku hizi anaiacha kambini. Alidhani nitafurahia imani yake. Sababu ya pili ni dada yetu mjane. Ameniruhusu niandike. Mumewe alipofia barabarani, kabla hata matanga hayajaisha, mtu wa kikundi chetu cha maombi alimwambia kwamba gari lile liliondoka bila kupakwa mafuta. Alikuja kwangu akauliza kama ni kweli. Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia "tuzidi kuomba." Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilimwacha aende nyumbani na lile neno kifuani.

Kwa hiyo turudi kwenye swali la mwenye duka, na tuanze na majibu yasiyotosha.

Jibu la kwanza linalotujia ni lile nililolitoa mimi: yetu ni ya Kikristo, kwa hiyo si ushirikina. Sikilizeni habari za mwanamke mmoja aliyemalizia maisha yake hapa hapa upande wetu wa Kaskazini Mashariki, katika kambi ya Ifo kule Dadaab, Januari 2007. Jina lake Alice Auma, wengi walimwita Lakwena. Alitoka Acholi, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1986 alianzisha jeshi lililoitwa la Roho Mtakatifu. Wapiganaji wake walipakwa mafuta, wakaambiwa risasi haitawaingia. Waliandamana kuelekea adui wakiimba nyimbo za kanisani, wamesimama wima, maana kujificha kulikatazwa. Walifika mbali, mpaka karibu na Jinja mwishoni mwa 1987, na hapo jeshi la serikali likawavunja. Vijana wengi mno walikufa. Yeye akakimbilia Kenya, akabaki mkimbizi mpaka kufa.

Kuna mambo mawili katika habari hiyo yaliyonishika. Kwanza, aliwapa wapiganaji wake amri 20, na moja ya amri hizo ilikataza kabisa kubeba hirizi. Fikiria hilo! Alipiga vita ushirikina kwa mdomo huku akiwapaka vijana mafuta ya kuzuia risasi. Hakujiona mshirikina hata kidogo. Pili, kijana akipigwa risasi, sababu ilikuwa tayari. Amevunja amri. Mafuta hayakukosea, Lakwena hakukosea, aliyekosea ni marehemu.

Miaka kama 80 kabla yake, mwaka 1905, Kinjikitile wa Ngarambe kule Tanganyika aliwapa watu maji ya kugeuza risasi za Wajerumani. Sisi tukiisoma hiyo tunasema haraka, ah, hao walikuwa wapagani. Na Lakwena je? Aliimba nyimbo zetu. Kwa hiyo kubandika jina la Kikristo juu ya kitu hakukibadilishi kilicho ndani.

Basi labda tuseme tofauti ni kwamba vitu vyetu vimo katika Biblia. Ni kweli, mafuta yamo. Lakini fungua 1 Samweli 4. Israeli wamepigwa na Wafilisti, watu kama 4,000 wameanguka. Wazee wanaulizana kwa nini Bwana ameruhusu wapigwe. Swali zuri sana! Wangekaa nalo wangepona. Badala ya kusubiri jibu wakatuma watu Shilo walete sanduku la agano, ili sanduku liwaokoe. Lilipoingia kambini walipiga kelele mpaka ardhi ikavuma. Ilikuwa ibada ya nguvu kweli kweli, ungekuwepo ungesema upako umeshuka. Hata Wafilisti waliogopa. Vita vilipoanza, Israeli wakapoteza askari 30,000, Hofni na Finehasi wakafa, na sanduku lenyewe likatekwa.

Sanduku lile halikuwa la mganga. Mungu mwenyewe ndiye aliyeagiza litengenezwe. Na sura inayofuata inaonyesha kwamba Mungu hakuwa ameshindwa, maana sanamu ya Dagoni ilianguka kifudifudi mbele ya lile sanduku. Nguvu alikuwa nazo. Alichokataa ni kubebwa kwenda vitani kama rungu la mtu. Kitu kitakatifu, kilichotoka kwa Mungu, kikawa hirizi mikononi mwa watu wa Mungu, na hakuna mganga yeyote aliyehusika.

Ndivyo ilivyokuwa na nyoka wa shaba pia. Musa alimtengeneza kwa agizo la Bwana na watu wakapona (Hesabu 21). Baadaye wakaanza kumfukizia uvumba, mpaka mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4). Najiuliza walilia wangapi siku hiyo. Lazima kulikuwa na mzee aliyesema, nyoka huyu alimponya babu yetu, wewe kijana unajua nini?

Najua mtu atanipeleka Matendo 19, na ana haki. Pale nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Sisi ni Wapentekoste, hatuoni haya kuamini hilo. Nimeona wagonjwa wakiinuka, siwezi kukana nilichokiona. Lakini usifunge Biblia hapo. Mistari michache tu mbele, wana saba wa Skewa wanatumia jina la Yesu juu ya mtu mwenye pepo. Jina ni lile lile, na wamelitamka sawasawa. Walipigwa wakakimbia uchi. Luka ameyaweka mambo haya mawili karibu karibu, na sidhani ni kwa bahati. Mungu alifanya kwa nguo za Paulo alichotaka yeye. Wana wa Skewa walitaka kufanya kwa jina la Yesu walichotaka wao.

Hapo ndipo naanza kuona jibu. Neno letu "ushirikina" lenyewe linatoka katika neno lile lile la maalim wa jirani yangu, shirki, yaani kumwekea Mungu mshirika. Mshirika huyo anaweza kuwa kitu kizuri. Anaweza kuwa mafuta niliyoyaombea mimi mwenyewe kwa machozi. Ushirikina ni pale ninapotaka kitu kitakachofanya kazi hata kama Mungu hajakubali. Imani inamwachia Mungu nafasi ya kusema hapana, na akisema hapana, bado ni Mungu wangu.

Ndiyo sababu nimeweka Danieli 3 kati ya maandiko yetu. Wale vijana watatu wako mbele ya tanuru. Wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, kisha wanaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu yake. Mvaa hirizi hawezi kusema maneno hayo ya pili. Hirizi isipofanya kazi unaitupa, unatafuta yenye nguvu zaidi.

Mtu atasema, lakini pasta, tumeona mafuta yakifanya kazi. Tuna shuhuda. Ndiyo, tunazo, na mimi namshukuru Mungu kwa kila mmoja aliyefika salama. Ila tukumbuke anayetoa ushuhuda ni yule aliyerudi. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilisimamishwa na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, waliuawa 36 kwenye machimbo ya mawe ya Koromey. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, wakafa watu 148. Baadhi ya wanafunzi wale walikuwa kwenye maombi ya alfajiri, wapendwa. Walikufa wakiomba. Ni nani kati yetu atakayesimama aseme hawakuwa na imani ya kutosha? Ni nani atakayekwenda kwa mama zao aseme walisahau mafuta?

Na Desemba ya 2015 basi lingine lilivamiwa karibu na Elwak. Waislamu waliokuwa ndani walikataa kutengwa na Wakristo, na kina mama wakawapa abiria Wakristo mitandio yao wajifunike. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafa kwa majeraha. Wakristo wale waliokolewa na mtandio wa mama wa Kisomali. Nani kati yetu angeombea jambo hilo? Kama Mungu angekuwa ndani ya kichupa, angefanya kazi kwa njia tuliyoizoea tu.

Yesu aliulizwa jambo hili hili. Katika Luka 13 watu wanamletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa wanatoa dhabihu, yaani katikati ya ibada. Yeye mwenyewe akaongeza habari za mnara wa Siloamu ulioua watu 18. Akauliza kama hao walikuwa wabaya kuliko wengine, na akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Akawageuzia swali walio hai, watubu. Angalia alivyofanya. Hakukubali hata kidogo marehemu wapewe lawama.

Kwangu mimi hii ndiyo alama ya kuaminika kuliko zote. Ukitaka kujua kama kanisa lina imani au lina ushirikina, usiende siku ya ushuhuda. Nenda matangani, usikilize wanavyomsema aliyekufa. Ushirikina lazima umlaumu, maana asipolaumiwa yeye, italaumiwa dawa. Imani inaweza kulia pale kaburini na kukiri kwamba haijui sababu.

Kwa hiyo, dada yangu, nakujibu leo mbele ya kanisa zima, kwa kuwa nilikunyima jibu siku uliyokuja. Hapana. Mumeo hakufa kwa sababu ya mafuta. Alikuwa mtu wa Mungu, alikuwa kazini, na waliotega bomu ndio waliomuua. Aliyekuambia vile hakusema kwa Roho, na mimi niliyenyamaza nilikosea zaidi yake, maana vile vichupa nilivigawa mimi.

Sasa nisije nikawapiga wenye hofu kwa fimbo. Kuna mwanamke katika Marko 5 ninayempenda sana, yule aliyetokwa damu miaka 12. Alijiambia moyoni kwamba akigusa tu vazi atapona. Tukiwa wakweli, wazo lile linafanana sana na la mvaa hirizi. Gusa nguo, pokea, ondoka kimya kimya, wala mwenye nguo asijue. Yesu hakumkemea. Lakini pia hakumwacha aondoke na nguo tu. Alisimama na umati wote, wanafunzi wakaona anapoteza wakati, akamtafuta mpaka akajitokeza akasema yote. Akamwita binti. Alikuja kwa vazi, akarudi nyumbani anamjua mwenye vazi. Nadhani wengi wetu imani yetu ilianza hivyo, nusu yake hofu, nusu yake kubahatisha. Kama umeshika kichupa kwa nguvu wakati gari linapita mahali pabaya, Bwana hakuchukii. Anageuka tu kukutafuta.

Na wewe kijana wa jaketi, nimekuwekea Mathayo 4. Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya hekalu akamwambia ajirushe, na ili kumshawishi akatumia Zaburi 91. Hiyo hiyo tunayoibandika kwenye vioo vya magari! Shetani anaijua kwa moyo. Alitaka kuigeuza ahadi ya Baba iwe hirizi ya kuruka nayo. Yesu alijibu kwamba Bwana Mungu hajaribiwi, akashuka kwa miguu yake kama watu wengine. Kuvaa jaketi hakupunguzi imani yako. Kuiacha kambini ili umwonyeshe Mungu kwamba unamwamini ndiko kuruka kutoka hekaluni. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, watu zaidi ya 400 walizikwa msituni kwa sababu waliambiwa wakifunga mpaka kufa watamwona Yesu, na aliyeuliza swali alionekana adui. Wewe uliza maswali. Niulize hata mimi.

Juzi nilirudi dukani. Nilimwambia yule ndugu kwamba swali lake lilinishinda siku ile, na kwamba nilichogundua ni hiki: hirizi yake na kichupa changu vinaweza kuwa kitu kimoja, inategemea nani anamtumikia nani. Alinyamaza kidogo akipima sukari. Kisha akasema baada ya maalim kuikata ile hirizi, nyanya yake alilia usiku kucha, akidhani mtoto atakufa. "Na kila asubuhi mpaka alipofariki aliniombea dua mlangoni. Bila kitu mkononi." Hatukuongeza neno.

Vichupa vilivyobaki kwenye sanduku nimevihesabu, ni kumi na vinne. Vitakaa ofisini kwa ajili ya wagonjwa, sawasawa na Yakobo 5:14. Ukiugua, wazee wa kanisa watakuja nyumbani kwako, wakupake, waombe, na kama ni malaria watakusindikiza zahanati. Kwa safari hatutavigawa tena. Watakaoondoka na msafara wa Jumatatu tukutane Jumapili saa kumi na moja jioni tuombe pamoja kabla giza halijaingia. Askari, tafadhali mje na majaketi yenu, tutawaombea mkiwa mmeyavaa.